Gundi ya Fundi Ouma

Habari za kifo cha Fundi Ouma zilinikuta nimelala chali chini ya piano ya shule moja hapa Nairobi, nikikaza pedali iliyolegea. Binti yake, Atieno, ndiye aliyeniandikia: Baba ametuacha, tunazika Jumamosi nyumbani Fort Ternan, na Mama anauliza kama utasema neno kwa niaba ya wanafunzi wake. Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Wanafunzi wake. Fundi Ouma alikuwa na mwanafunzi mmoja tu katika maisha yake yote, na mwanafunzi huyo ni mimi. Watu wa umri wangu husemekana hulia upesi. Mimi hukasirika upesi, kwanza na wengine, halafu nikishawamaliza najigeukia mwenyewe. Siku ile sikuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia. Nilimaliza pedali, nikaifunika piano, nikamwambia mwalimu wa muziki kwamba nimefiwa. Akaniuliza marehemu ni nani kwangu. Nikasema ni aliyenifundisha kazi, naye akanipa pole ya mtu aliyepoteza mwavuli.

Nitaruka habari za wazazi wangu na za shule, maana hazikuchangia lolote katika nililolifanya. Nililifanya mwenyewe, nikiwa na miaka ishirini na miwili na akili timamu. Mwaka huo nilikuwa nimetoka kwetu Kiptere na kuajiriwa katika klabu ya shamba moja kubwa la chai karibu na Kericho, kazi yangu ikiwa kukaa mezani mlangoni, kupokea simu na kuwaandikisha wageni. Nilijua kupiga kinanda cha kanisani kwa kubahatisha, mkono wa kulia ukijua njia na wa kushoto ukiufuata. Fundi Ouma alikuwa seremala wa shamba, Mjaluo aliyekuja kutoka upande wa ziwa akiwa kijana na kukaa kwenye majani chai mpaka nywele zikageuka mvi. Kazi ya piano alifunzwa na mzungu mmoja mzee aliyekuwa akizunguka mashambani kukaza nyuzi za piano za wake wa mameneja. Mzee yule alipochoka alimwachia Ouma mkoba wa turubai uliojaa vifaa. Tangu hapo, shule au kanisa lolote lililokuwa na piano, kuanzia Kericho mpaka Sotik, lilikuwa likimwita yeye. Alinikuta siku moja nikibonyeza piano ya klabu wakati ukumbi ni mtupu, akasimama nyuma yangu, akasema sauti ya nne kutoka kulia imelala na mimi sikuisikia. Nilimwambia nimeisikia. Akaniuliza mbona basi naendelea kuipiga. Wiki iliyofuata nilianza kujifunza kwake, kila nilipotoka kazini.

Ukumbi ule naukumbuka kuliko chumba nilicholala. Ulinuka nta ya sakafu, bia iliyomwagika na unyevu, maana Kericho mvua hupiga karibu kila alasiri na kuta hazipati nafasi ya kukauka. Ukutani zilipangwa picha za washindi wa gofu, mwanzoni wazungu watupu, kisha weusi wawili watatu, kisha weusi watupu, wote wakiwa na tabasamu lilelile. Upande wa chini palikuwa na meko kubwa ya mawe, na upande wa juu, kwenye jukwaa dogo, ndipo ilipokaa piano. Ilikuwa ya kulala, ile yenye miguu mitatu na kifuniko kama bawa, lakini fupi, na jina la mtengenezaji lilikuwa limefutika kwa miaka ya kupanguswa na vitambaa vibichi. Nyuzi zake za chini zilitoa sauti ya debe. Mfanyakazi mmoja wa zamani aliwahi kuzipaka pedali samli ya ng'ombe zisilie, panya wakaifuata samli, na walipoimaliza wakala manyoya ya ndani. Nilidhani Fundi Ouma ataicheka. Hakuicheka.

"Hii piano si mbaya, Rael," aliniambia. "Mbaya ingekuwa rahisi. Mbaya unasema imekufa, unaenda nyumbani. Hii ni ya katikati tu. Inataka kuimba na haina nguvu."

Ilikuwa mwezi wa tatu kamati ya klabu ilipotangaza kwamba mpiga piano wa kweli atakuja, mtu aliyesomea ng'ambo na kucheza kwenye kumbi kubwa, kwa ajili ya kuchangia wodi ya akina mama wajawazito. Tutamwita Madam Wairimu. Mimi ndiye niliyepokea simu yake ya kwanza, nikamwunganisha na Fundi Ouma aliyekuwa ameitwa ofisini, na kwa kuwa ofisi yenyewe ilikuwa ndogo na simu ile ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia kila kitu. Alitaka kujua piano ni ya aina gani. Fundi hakumdanganya, alimweleza kila kasoro, mpaka ya panya. Kisha akamwambia, bila mimi kumwomba, kwamba anaye msichana mwenye sikio, na kwamba yeye mwenyewe anastaafu mwisho wa mwaka na hana wa kumrithisha. Madam Wairimu akasema anaijua karakana moja Nairobi inayotengeneza piano na inatafuta mwanagenzi mmoja. Piano ikimkubali siku ya onyesho, yeye mwenyewe atampeleka msichana huyo karakanani. Ikimkataa, basi wasahau. Fundi alirudisha simu taratibu, akanitazama, akasema sasa hatuna piano, tuna mtihani. Sikulala vizuri tena mpaka onyesho likapita. Pale mezani mlangoni nilikuwa nikiwaona wasichana waliokaa kabla yangu, wakija na watoto mgongoni kuwaamkia wapishi, na nilikuwa nimeapa sitakuwa mmoja wao.

Tulianza kazi mwezi wa nne. Misumari inayoshika nyuzi ilikuwa imelegea kwenye mbao zake, kwa hiyo tuliing'oa mmoja mmoja, tukaviringisha kipande cha karatasi ngumu kwenye tundu na kuirudisha. Nyuzi tulizipandisha kidogo kidogo, leo kidogo, kesho kutwa kidogo, maana ukizikaza zote kwa pupa piano hii ingepasuka kifua. Ndani ya piano kila jino unalobonyeza, meno ndivyo Fundi alivyoviita vile vibao vyeupe na vyeusi, linasukuma nyundo ndogo ya mti yenye kichwa cha manyoya yaliyoshindiliwa, na nyundo ndiyo inayogonga uzi. Vichwa zaidi ya thelathini vilikuwa vimelegea kwenye vijiti vyake. Hapo ndipo gundi inapoingia. Fundi alitumia gundi ya ngozi, inayouzwa ikiwa punje kavu, unailoweka, unaipasha ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji juu ya jiko. Alitia kidole, akaonja joto lake kwenye kifundo cha mkono kama mama anavyopima maziwa ya mtoto. Alinifundisha kwamba gundi hii ikikauka polepole hushika kuliko msumari, lakini ukiiharakisha kwa joto hugeuka kama kioo, leo imeshika na kesho inakatika. Wiki mbili, alisema, blanketi juu, na hakuna moto chumbani. Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu, na hata nikarudia maneno yake alipoyataka niyarudie.

Kwa sababu ya agizo hilo, meko ya ukumbini haikuwashwa kwa wiki mbili, katika mwezi ambao watu huvaa sweta mbili. Wanachama walilalamika kama wajane. Mmoja alisema kwa sauti, ili Fundi asikie, kwamba wanakufa baridi kwa ajili ya piano ambayo haijawahi kulipa ada ya uanachama. Mwenyekiti wa kamati, mkulima tajiri wa kutoka upande wa Bomet aliyependa kuvaa koti hata akienda kukagua ng'ombe, alikuwa akija kila jioni kuuliza kama tumemaliza. Aliniuliza mimi, kwa Kipsigis, wakati Fundi yuko hapo hapo ameshika spana. Nilikuwa najibu kwa Kiswahili ili Fundi aelewe, nikijiona mtu mwema. Sikujua kwamba Fundi alikielewa Kipsigis vizuri tangu kabla mimi sijazaliwa.

Jioni nilikuwa nikila kwake, kwenye nyumba ya kampuni yenye vyumba viwili na mlango wa kijani, mbao za chini zimeoza kwa matone ya mvua. Mkewe, Mama Atieno, alipika omena na ugali wa mtama, nami niliyezoea mboga na mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, nilikuwa natenga vichwa vya omena pembeni ya sahani. Alinitania kila siku. Alisema Mkipsigis wake huyu anaogopa samaki wanaomwangalia. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi, na nilikuwa nampenda kwa sababu hakunisifu. Fundi ndiye aliyenisifu. Kwenye chumba kile, huku Atieno akifanya hesabu za shule kwenye meza hiyohiyo tuliyolia chakula, alikuwa akimweleza mkewe kila nilichofanya siku hiyo, nilivyosikia uzi uliolala, nilivyopiga msasa vichwa vya nyundo bila kula manyoya. Sasa nikifikiria, hakuna mtu mwingine aliyewahi kuisimulia siku yangu kwa mtu mwingine nikiwepo.

Gundi ilikuwa na siku nne tu tangu ipakwe Fundi alipopata habari kwamba kaka yake amefariki kwao ziwani. Aliondoka na mkewe Alhamisi, akaniachia kazi moja. Meno yalikuwa yamevimba kwa unyevu na yalikwama, unalibonyeza linashuka lakini halirudi. Kila jino lilitaka kutolewa na kitambaa cha ndani ya tundu lake kubanwa kwa koleo ndogo ili nafasi ipanuke, pole pole, nusu ya unywele, na kujaribiwa, na kubanwa tena. Meno themanini na nane. Kwa siku tatu nilikuwa nimefika la ishirini na saba, vidole vimechubuka, na yale niliyoyamaliza mwanzoni yalikuwa yameanza kukwama tena kwa sababu mvua haikukoma. Nilihesabu siku zilizobaki nikaona haziwezi kutosha. Ningeweza kumngoja. Angerudi Jumatano na tungefanya usiku na mchana, au angemwambia Madam Wairimu kwamba meno mengine ni mazito, naye angecheza nyimbo nyepesi. Hayo yote yalinijia akilini na niliyakataa, kwa sababu wimbo mwepesi hauwezi kumpeleka mtu Nairobi.

Jumapili asubuhi nilimwendea Kibet, tuliyesoma naye, aliyekuwa msimamizi wa chumba cha kunyaushia majani kwenye kiwanda. Majani mabichi yakifika kutoka shambani yamejaa maji, hutandazwa kwenye vitanda virefu vya wavu na kupulizwa hewa ya joto kutoka chini mpaka yanalainika kama kitambaa. Jumapili hakuna uchumaji, vitanda vilikuwa vitupu na boila bado ina moto. Kibet hakuona ugumu wowote. Jani lililolowa tunalikausha kila siku, alisema, huo mti wako umeshindwa na nini? Na mimi, mtoto wa majani chai, niliona ni akili kubwa. Kwetu kila kitu chenye maji dawa yake ni upepo wa moto. Tuliuvuta mtambo wote wa ndani ya piano, meno na nyundo zake, tukaufunga kwa blanketi lilelile la Fundi, tukaupeleka kiwandani kwa mkokoteni kupitia nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Watu walikuwa wakitoka kanisani. Tuliwaamkia, wakatuitikia, hakuna aliyeuliza. Nilikusudia saa mbili. Kibet alikuwa ameleta viazi vya kuchemsha na chai, maongezi yakanoga, na tulipozima hewa zilikuwa zimepita saa tano. Nilikumbuka gundi. Nisijifanye kwamba niliisahau. Niligusa vichwa vya nyundo kimoja kimoja, vikawa imara kabisa, nikajiambia mzee ana woga wa kizamani.

Nilirudisha mtambo, nikabonyeza. Meno yalishuka na kurudi kama maji. Sijawahi kushika piano nyepesi namna ile tena, hata zile za maana ninazozihudumia siku hizi. Jioni nilipita nyumbani kwa Fundi nikamkuta Mama Atieno peke yake. Alikuwa amerudi mapema kwa sababu Atieno alikuwa na mtihani. Alinipakulia ugali. Aliniuliza kama nimemaliza meno yote. Nikasema nimemaliza.

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Aliangalia vidole vyangu, akasema pole basi, kula. Hakunitania juu ya vichwa vya omena siku ile, nami nikadhani ni msiba wa shemeji yake.

Fundi aliporudi Jumatano alikwenda ukumbini kabla ya kubadilisha nguo. Alipitisha mkono kwenye meno kutoka chini hadi juu, akarudi chini, kisha akakaa kwenye kiti cha piano akiwa ameshika kofia. Alisema meno themanini na nane kwa siku hizo, na kwa mvua hii, yeye asingeweza. Alisema mkono wangu umepita wake. Hapo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, tulikuwa wawili tu, na yeye alikuwa na furaha ambayo ingeweza kustahimili hata habari mbaya. Nilisema, "Asante, Fundi." Siku mbili zilizofuata alikaza nyuzi kwa mara ya mwisho huku akimwambia kila aliyepita, mpishi, mtunza bustani, mwenyekiti, kwamba meno ni ya Rael.

Madam Wairimu alifika Ijumaa. Alikuwa mwanamke mfupi wa viatu bapa, alicheza kama saa nzima lakini kwa sauti ya chini, maana wanachama walikuwa wakila mchana chumba cha pili. Alisema nyuzi nene za chini zina sauti maskini lakini mkono ni mtamu, akanipiga bega. Jumamosi saa nane na nusu ukumbi ulijaa, mameneja na wake zao mbele, wakulima na walimu nyuma, wauguzi wamesimama kando ya ukuta. Mvua ilianza saa tisa kamili kama ilivyozoea, juu ya mabati, naye akaongeza nguvu ili asikike. Aliponguruma kwa mikono yote miwili, kichwa cha kwanza cha nyundo kiliruka, kikadunda juu ya nyuzi kama bisi kwenye sufuria. Watu wengine walidhani ni sehemu ya muziki. Kikafuata cha pili, kisha viwili kwa pamoja. Madam Wairimu alisimama, akatabasamu, akasema tupumzike kidogo.

Nilipanda jukwaani mbele ya wote. Nilikuwa na kichupa cha superglue kwenye mkoba, nilichokuwa nikigundishia kiatu. Nilivuta mtambo nje, nikapiga magoti, na pale kwenye vijiti nikaiona gundi: nyeupe, yenye kung'aa, imepasuka kama kioo cha taa. Fundi Ouma alipiga magoti kando yangu. Aliokota kipande kwa kucha, akakisogeza karibu na miwani, akakitazama kwa muda ambao hatukuwa nao.

"Niliipika moto sana," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Rael, niliipika moto sana."

Nikamwambia, "Nishikie taa hapa, Fundi."

Akanishikia taa. Nilibandika vichwa vinne kwa robo saa, nikavijaribu na vingine, nikausukuma mtambo ndani, na ukumbi mzima ukanipigia makofi. Alicheza kipande cha pili kwa tahadhari, nyundo mbili tu zikaruka, na mwisho watu wakasimama. Baadaye nilikuwa kwenye chumba cha vyombo nikimimina chai ya kamati, na kupitia dirisha la kupitishia sahani nikasikia mwenyekiti akimwuliza Fundi nani alibandika nyundo. Fundi alijibu kwamba ni yeye, gundi aliipika yeye, msichana hana kosa lolote, msichana ndiye aliyewaokoa. Mwenyekiti akakubali kwamba ndiyo, mtoto wetu ametuokoa. Halafu mmoja wao akasema kwa Kipsigis kwamba hawa watu wa kuja hawajui kuondoka mpaka waharibu kitu. Wengine walicheka kidogo, wale wa kucheka kwa adabu. Nilimwona Fundi kupitia kile kidirisha. Alichukua kofia yake, akawaaga kwa Kipsigis safi, Kipsigis cha wazee. Mimi niliendelea kumimina chai. Kikombe kilijaa kikafurika kwenye kisahani, nikakipangusa.

Madam Wairimu alinikuta mlangoni akaniambia Jumatatu saa mbili niwe tayari na sanduku. Alisema piano ile haikuwa na haki ya kucheza hata nusu ya ilivyocheza, na kwamba mtu anayeweza kutulia mbele ya watu vile ndiye karakana inayemtaka. Kwa hiyo nilipata. Wahenga walisema za mwizi ni arobaini, lakini mimi yangu ya arobaini haikufika. Jumapili nilikwenda kumuaga Fundi. Alikuwa amekaa na mkoba wa turubai mapajani. Alinipa. Alisema mkono wake umezeeka bila kumwambia, na fundi asiyejua amekosea wapi asishike piano ya mtu. Nilikataa mara moja tu, kama mtu anavyokataa chai kwa heshima, kisha nikaupokea. Mama Atieno alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

Klabu ilimwandikia barua ya kumshukuru na kumwambia asisumbuke tena. Shule na makanisa yalisikia, nayo yakaacha kumwita. Hata kama yangemwita asingekwenda. Mwisho wa mwaka alistaafu na kuhamia kwenye shamba dogo alilokuwa amenunua Fort Ternan, mahali miwa inapoanzia. Katika miaka yote hii nilimtembelea mara tatu. Kila mara nilikwenda nikiwa nimepanga kusema, na kila mara alinipokea kwa maswali mengi kuhusu piano za Nairobi, akaniita nyara, binti yangu kwa Kijaluo, akawaita majirani waje kuona mkono uliompita mwalimu wake, nami nikaona leo si siku. Asante ya punda ni mateke, husema watu, lakini punda akipiga teke walau unamwona. Mimi nilikuwa nikipeleka sukari na unga.

Mazishi yalikuwa ya watu wengi na mahema matatu. Mwongozaji alinipa dakika mbili. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi, kiwanda, gundi, kidirisha cha sahani. Nilisimama, nikawaona wajukuu wake wamevaa fulana zenye picha yake, nikaikunja karatasi na kusema Fundi Ouma alinifundisha kufanya kazi kwa mkono na kwa subira. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilikaa nikijichukia, na baada ya kaburi kufukiwa nikaingia ndani ya nyumba, nikamkuta Mama Atieno kwenye kochi, amezeeka, miguu imevimba. Nikawaomba wale wengine watupishe. Nilimweleza yote pale sakafuni, tangu mkokoteni mpaka mwisho.

"Mimi nilikuona," alisema. "Nilikuwa nimetoka safari, nimefika hapo kwa kona. Nikaona blanketi yetu kwa mkokoteni."

Nilimwuliza kama Fundi alijua.

"Hakujua. Nilingoja wewe useme. Mwaka ya kwanza, mwaka ya pili. Halafu nikaona nikimwambia mimi, nitamnyang'anya na wewe pia, na alikuwa amebaki na wewe peke yako." Alijifuta midomo kwa upindo wa leso. "Hapa nyumbani alikuwa anapika hiyo gundi kila wakati. Anabandika mbao mbili, anangoja wiki mbili, anavunja. Anaangalia. Anabandika tena. Mpaka mwaka huu, mikono ikitetemeka. Ananiuliza, Mama Atieno, nilikosea wapi?"

Nilisema nimekuja kuomba msamaha. Nilisema ningependa watoto waitwe, na kama inawezekana majirani, niwaambie wote kwamba Fundi Ouma hakukosea.

Mama Atieno aliyatazama machozi yangu kama alivyokuwa akivitazama vidole vyangu zamani.

"Hao hawakuuliza," alisema. "Yule aliyekuwa anauliza tumemzika saa hii."